Toa Vumbi Kwanza, Kadi Baadaye

Msimu wa ununuzi wa pamba ukifunguliwa na hela ikaanza kuzunguka, swali moja huwafikia sana mafundi wa kompyuta wa Bariadi: ninunue kadi gani ya grafiki ili gemu liache kukwama? Kwa anayeanza, jibu langu ni lilelile kila mara. Kabla hujaagiza kadi yoyote Mwanza au Kariakoo, jua kwanza kompyuta yako inafika nyuzi ngapi za joto ukiwa katikati ya mchezo. Usipoijua namba hiyo utanunua kwa kubahatisha, na huenda ukatoa laki kadhaa kwa tatizo ambalo brashi na pesti mpya ya prosesa vingelimaliza Jumamosi moja asubuhi.

Nasema hivi kwa sababu ya mahali tulipo. Video nyingi za mafunzo zimetengenezwa na watu wa nchi za baridi, wenye vyumba vilivyofungwa vizuri na barabara za lami mpaka mlangoni. Hata ushauri wa fundi wa Dar es Salaam hautufai wote, maana yeye anahangaika na unyevu na chumvi ya bahari inayokula vyuma. Sisi tunahangaika na vumbi. Kuanzia Juni mpaka mvua za Oktoba au Novemba, ardhi ya Simiyu imekauka, mashamba yako wazi, mifugo inapita, malori yanapita, na kila upepo unaingiza ndani unga mwembamba usioonekana mpaka ukipitisha kidole mezani. Juu ya hapo kuna pamba. Mkoa huu, uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, unaongoza kwa pamba nchini, na nyuzi zinazopeperuka kutoka kwenye maghala, malori na vinu vya kuchambulia hunasa katikati ya mapezi ya hitisinki, kile chuma kinachoondoa joto kwenye prosesa. Vumbi linashikamana na nyuzi hizo mpaka unapatikana utando mnene wa kijivu, ambao ukiushika kwa kibanio unabanduka mzima mzima. Feni inaendelea kuzunguka na kupiga kelele, hewa haipiti.

Urefu wetu nao una mchango. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Bariadi iko juu zaidi ya ziwa. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Pwani kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, hivyo feni ileile kwa kasi ileile inaondoa joto pungufu kidogo. Peke yake si tatizo kubwa, lakini likijumlishwa na vumbi, na bati lisilo na dari saa tisa alasiri, unaliona kwenye gemu.

Kupima

Pakua HWiNFO au HWMonitor. Zote ni za bure. Iache kompyuta dakika kumi bila kazi, andika joto la prosesa na la kadi. Kisha cheza gemu unalolicheza siku zote, liwe eFootball au GTA V, nusu saa bila kusimama, halafu angalia safu inayoonyesha kiwango cha juu kilichofikiwa. Fanya hivyo alasiri wakati wa jua kali na urudie usiku. Tofauti utakayoiona itakufundisha jambo la msingi kuliko yote: joto la prosesa ni joto la chumba, ukijumlisha kiasi ambacho hitisinki inashindwa kukiondoa. Kama usiku chumba kikiwa nyuzi 24 prosesa inafika 78, basi alasiri chumba kikipanda hadi 33 prosesa itafika karibu 87, ingawa hujabadilisha chochote. Hakuna feni itakayoishusha prosesa chini ya joto la chumba ilimo.

Prosesa nyingi za Intel hujilinda zikikaribia nyuzi 100 kwa kupunguza kasi zenyewe. Hapo ndipo gemu lililoanza vizuri linapoanza kukatakata baada ya dakika kumi na tano au ishirini, linapata nafuu kidogo, kisha linakatakata tena. Kadi iliyo ndogo kwa gemu haina tabia hiyo. Gemu huwa zito tangu dakika ya kwanza. Tofautisha hali hizi mbili kabla ya kufungua pochi. Kwa mazingira yetu mimi naridhika na prosesa isiyozidi 80 na kadi isiyozidi 83 baada ya nusu saa. Kati ya hapo na 90, kompyuta inaomba kusafishwa. Ikipita 90, acha kucheza mpaka umeifungua.

Kuna kipimo kimoja cha bure ninachokipenda kuliko vyote. Fungua ubavu wa kasha (lile ambalo wengi wetu tunaliita CPU), elekeza feni ya mezani ndani, rudia nusu saa ileile. Joto likishuka kwa nyuzi kumi au zaidi, hitisinki inafanya kazi yake na shida ni hewa kutozunguka ndani ya kasha. Likishuka nyuzi mbili tatu tu, hewa unayo ya kutosha ila joto halihami kutoka kwenye prosesa: ama pesti imekauka, ama mapezi yameziba. Ukishapata jibu, funga ubavu. Wapo wanaouacha wazi mwaka mzima wakiamini wamemaliza kazi, nao wanafungua mlango kwa vumbi, mende na mijusi. Mjusi anapenda sehemu yenye uvuguvugu, na akigusa sehemu mbili za umeme kwa pamoja anakufa yeye na mazabodi.

Kusafisha

Zima, chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe. Peleka kasha nje, barazani, usimame upepo ukitoka nyuma yako. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa kitu kingine chochote, na urudie kila baada ya muda. Kiangazi hewa kavu huujaza mwili umeme tuli, na cheche usiyoihisi inatosha kuharibu RAM.

Kifaa bora ni brashi ya rangi ya inchi moja, mpya, yenye nywele laini, pamoja na bloa ndogo kama ile ya mafundi simu. Usiende kwa fundi wa pancha akupulizie kwa kompresa. Tangi la kompresa lina maji na mafuta, na presha yake inaweza kung'oa vipande vidogo kwenye mazabodi. Unapopuliza, zuia mapanga ya feni kwa kidole. Feni ikizungushwa na upepo wa bloa kwa kasi isiyoizoea, beringi zake zinaharibika, na baada ya wiki chache itaanza kulia.

Wengi hukosea kwenye hitisinki ya prosesa. Wanapuliza kutoka juu, juu ya feni, wanaona vumbi linaruka, wanaridhika. Utando niliousema hukaa chini ya feni, juu ya mapezi, na ukiupuliza kutoka juu unaukandamiza uzidi kubana. Fungua skrubu za feni, iondoe, uone kwa macho yako. Toa utando kwa kibanio, piga brashi kufuata mwelekeo wa mapezi, ndipo upulize kutoka upande wa chini kwenda juu.

Pawa saplai usiifungue. Ndani yake kuna kapasita zinazohifadhi volti zaidi ya 300, na zinaweza kubaki nazo hata waya ukiwa umechomolewa. Isafishe kwa kupuliza kupitia matundu yake ukiwa umezuia feni. Ikiwa imejaa vumbi kiasi cha kutosaidika hivyo, mpe fundi wa umeme anayezijua.

Sasa pesti, yaani ule uji wa kijivu unaojaza nafasi ndogo kati ya prosesa na hitisinki. Kwenye kompyuta za mtumba zenye miaka kumi, mara nyingi imekauka ikawa unga mgumu. Kabla ya kuitoa hitisinki, rudisha feni yake na uiwashe kompyuta dakika tano ili pesti ipate moto na kulainika, kisha zima na uchomoe. Zungusha hitisinki kidogo kushoto na kulia mpaka iachie. Usiivute juu kwa nguvu, hasa kwenye prosesa za AMD zenye miguu mingi chini, kwa sababu inaweza kung'oka pamoja na prosesa na miguu ikapinda. Futa pesti ya zamani kwa alkoholi ya isopropili na kitambaa cha kufutia miwani. Sanitaiza ya jeli haifai, ina vilainishi vya ngozi vinavyobaki juu ya chuma. Pamba ya dukani nayo haifai, inaacha nyuzi. Ikishakauka, weka katikati ya prosesa kiasi cha punje moja ya choroko. Usiisambaze kwa kidole. Rudisha hitisinki, kaza skrubu kimshazari, kidogo huku na kidogo kule, mpaka zote zishike sawa. Mgandamizo wa hitisinki ndio utakaoisambaza. Arctic MX-4 ni pesti nzuri na bomba moja dogo linatosha kompyuta kadhaa, kwa hiyo changeni wawili watatu. Dawa ya meno, ambayo wapo wanaoishauri, hukauka haraka na kukurudisha ulikotoka.

Njia ya hewa, na chumba

Makasha ya ofisini ya Dell na HP yanayouzwa mtumba mara nyingi yana feni moja au mbili tu. Kuongeza moja ni kazi ndogo, ila iangalie uso wake kwanza: hewa huingia upande ulio wazi na kutokea upande wenye vijiti vinavyoshikilia mota. Ya mbele ivute hewa ndani, ya nyuma itoe. Nimeona kasha lenye feni mbili zote zinavuta ndani, na hewa moto haina pa kutokea. Kwenye Dell na HP, feni ya asili ina kiunganishi na mawasiliano yake na BIOS; ukiiondoa kompyuta italalamika kila ikiwaka. Iache mahali pake, na ile ya nyongeza uipe umeme kutoka kwenye waya wa pawa saplai kwa adapta ndogo.

Kwa Simiyu napendekeza hewa inayoingia iwe nyingi kidogo kuliko inayotoka, na iingie kupitia chujio. Kasha likiwa na hewa ya ziada ndani, hewa hiyo hujitafutia njia kupitia kila upenyo na kulisukuma vumbi nje. Likiwa na upungufu, vumbi linavutwa kupitia upenyo huohuo. Chujio si lazima ulinunue: kipande cha soksi ndefu ya nailoni ya kike kilichovutwa vizuri mbele ya feni ya kuingiza hewa kinanasa nyuzi za pamba na sehemu kubwa ya vumbi. Kioshe kila wiki wakati wa kiangazi, kikauke kabisa ndipo ukirudishe. Chujio lililoziba linaongeza joto. Nyuma ya kasha, ziba nafasi zote za kadi zisizotumika. Vibati vyake mara nyingi vilipotea zamani, na ndiyo njia ya panya wadogo na mende.

Usiweke kasha sakafuni. Vumbi zito hutulia chini, na ufagio wa asubuhi hulirusha moja kwa moja kwenye feni. Liweke mezani, sentimita kumi na tano au ishirini kutoka ukutani, mbali na dirisha linalotazama barabara, wala si ndani ya kabati la televisheni. Chumba chenye kompyuta pigeni deki badala ya kufagia. Kile kitambaa cha kufuma ambacho mama au dada amekitandika juu ya kasha kiheshimiwe kama pambo la wakati kompyuta imezimwa na imepoa. Ikiwa imewashwa, kiondoe, maana makasha mengi yana matundu juu na hewa moto hupanda.

Na niseme wazi ninavyoamini: kama chumba chako hakina dari, fedha ya feni za taa za rangi ingefanya kazi kubwa zaidi ikinunua silingi bodi. Ukishusha chumba nyuzi tano umeishusha prosesa, kadi, pawa saplai na betri ya UPS kwa pamoja, na wewe mwenyewe unakaa vizuri. Upozaji wa maji uachie wengine. Kwa anayeanza ni gharama kubwa, pampu yake ikifa huku kuipata nyingine ni safari, na makasha ya mtumba hayana hata nafasi ya kuuweka.

Kuna joto unaloweza kulipunguza bila kununua chochote. Skrini nyingi za kawaida zinaonyesha picha 60 kwa sekunde. Kadi ikitengeneza 140, zile 80 za ziada hakuna anayeziona. Zinageuka kuwa joto na bili. Weka kikomo cha 60 ndani ya gemu au kwenye draiva ya kadi. Kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, shusha kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99: prosesa nyingi za Intel zitaacha kujiongezea kasi ya muda, na joto linashuka kwa kiasi unachoweza kukiona huku magemu mengi ya mpira yakienda vilevile. Kwa kadi, MSI Afterburner inakuruhusu kushusha kikomo cha umeme hadi asilimia 80 au 85, na utakachopoteza kwenye gemu ni kidogo mno ukilinganisha na joto ulilookoa.

Umeme

Kompyuta nyingi zinazosemwa zimekufa kwa joto zimekufa kwa umeme. Fanya jambo moja kabla hujaiwasha kompyuta yoyote ya mtumba kwa mara ya kwanza: angalia nyuma ya pawa saplai kama kuna swichi ndogo nyekundu yenye namba 115 na 230. Mashine zilizotoka Marekani mara nyingi zimewekwa 115. Umeme wetu ni volti 230. Ukichomeka bila kuisogeza swichi utasikia mlipuko na harufu, na hapo hakuna cha kutengeneza. Pawa saplai zisizo na swichi na zilizoandikwa 100–240 hazina shida hiyo, na zinavumilia vizuri volti zikishuka jioni watu wote wakiwasha.

Kama ukiligusa kasha vidole vinatekenywa na umeme, nyumba haina ethi, au soketi ina tundu la tatu lisilounganishwa kokote. Usilizoee jambo hilo. Mwite fundi wa umeme achimbie fimbo ya ethi na kuunganisha. Ni kinga ya familia nzima, si ya kompyuta pekee. Wakati wa mvua, kanda yetu ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani. Ukisikia ngurumo ya kwanza, chomoa kompyuta, chomoa na waya wa intaneti. Televisheni gadi haizuii radi.

UPS nunua, ila ujue kazi yake. Ya 650VA inabeba karibu wati 360, na ukiwa unacheza itakupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima, basi. Chagua yenye AVR, inayorekebisha volti bila kukimbilia betri kila zinaposhuka. Isiyo nayo itaichosha betri ndani ya muda mfupi. Iweke mahali pa baridi, kwa sababu betri za risasi huharibiwa na joto kuliko matumizi.

Halafu kuna Luku. Kompyuta ya ofisini iliyoongezwa kadi ndogo, pamoja na skrini, hula karibu wati 180 ikicheza. Saa tano kwa siku ni uniti 0.9, yaani 27 kwa mwezi. Mashine kubwa ya wati 300 itakula 45. Nyumba iliyo daraja la D1, linalokusudiwa wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, inalipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Ikizoea kupita hapo inahamishiwa daraja ambalo uniti moja inakaribia shilingi 350 ukiweka kodi. Hobi yako inaweza kupandisha gharama ya taa na friji ya nyumba nzima. Kama Luku ni ya wapangaji wote, kaa na mwenye nyumba mkubaliane mchango wako mapema.

Sasa nunua

Ukishapoza na kupima, nunua kwa mpangilio. SSD ya SATA ndiyo ya kwanza kwa kompyuta yoyote ambayo bado inatumia hadi diski. Haitaongeza picha kwa sekunde, lakini Windows itawaka kwa sekunde badala ya dakika, na gemu halitasimama likisubiri ramani ifunguke. Inafuata RAM. Vijiti viwili vya GB 4 vinafanya kazi vizuri kuliko kimoja cha GB 8, kwa sababu prosesa inazisoma njia mbili kwa pamoja, na kama bado unatumia grafiki za ndani ya prosesa utaiona tofauti hiyo wazi. Hakikisha aina: DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4, pengo lake liko mahali tofauti. Kijiti kikikataa, usikilazimishe.

Kadi ya grafiki ndiyo yenye mitego. Tuchukue kompyuta mbili zilizozagaa sokoni, Dell OptiPlex 7010 na 9020. Ya 7010 ya kasha la wima ina pawa saplai ya wati 275, ya 9020 ina 290. Yale makasha membamba yana 240 na 255. Hazina waya wa ziada wa kadi, kwa hiyo kadi itategemea umeme wa nafasi yake kwenye mazabodi, ambao kikomo chake ni wati 75. Zinazofaa ni GTX 750 Ti ya wati 60, GTX 1050 Ti na GTX 1650 za wati 75, mradi ziwe matoleo yasiyo na tundu la waya juu yake. Yapo matoleo ya majina hayohayo yanayolihitaji. Kwenye kasha jembamba kadi lazima iwe ya kimo kifupi, na hapo mimi nachagua inayokula kidogo, kwa sababu hewa ya mle ni finyu. GT 1030 inakula wati 30 na inaingia popote, lakini chagua ya GDDR5. Ipo nyingine ya DDR4 yenye jina lilelile, na iko nyuma mno.

Ukitaka kadi kubwa zaidi, utahitaji pawa saplai mpya, na hapa 7010 ina nafuu: inatumia plagi ya kawaida ya pini 24. 9020 ina plagi ya Dell ya pini 8 na inahitaji adapta. Ukinunua pawa saplai, usisome namba kubwa ya ubavuni. Tafuta mstari wa +12V kwenye lebo, zidisha ampea kwa 12. Niliyoishika mimi iliandikwa wati 500 huku mstari huo ukisema ampea 14. Hizo ni wati 168 tu, na ilikuwa nyepesi mkononi kama boksi tupu. Yenye alama ya 80 PLUS kutoka kwa muuzaji anayetoa risiti inafaa kulipiwa zaidi.

Kama bado hujanunua hata kompyuta ya kuanzia, kumbuka msaada wa Windows 10 ulikoma Oktoba 14, 2025, na Windows 11 inakubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane. Mashine ya kizazi hicho ni ghali zaidi leo lakini utakaa nayo muda mrefu.

Kadi feki zipo nyingi. Ni kadi za zamani, kama GTX 550 Ti, zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitaje kuwa 1050 Ti. Windows yenyewe inadanganyika. Pakua GPU-Z, programu ndogo ya bure. Kadi nyingi za aina hiyo inazitambua na kuandika neno FAKE mbele ya jina. Mwombe muuzaji akutumie picha ya skrini ya GPU-Z ikiwa na karatasi yenye tarehe ya siku hiyo pembeni, na mkubaliane kwa maandishi siku za kurudisha. Kama uko dukani Mwanza mwenyewe, omba kadi ichezeshwe dakika ishirini mbele yako kabla ya kulipa. Kadi iliyochoka hupita dakika tano bila shida, kisha skrini inaanza kutoa mistari.

Ukiinunua huko ukiwa na kasha lako, usiisafirishe ikiwa imechomekwa. Mitikisiko ya basi kupitia Lamadi mpaka Bariadi inaweza kuvunja nafasi ya kadi kwenye mazabodi, hasa kadi yenye feni mbili. Itoe, ifunge kwenye mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, ibebe mkononi, kasha lilale ubavu mazabodi ikiwa chini. Ukifika, iweke, kisha rudia kipimo cha nusu saa alasiri na bati likiwa limepata moto, maana umeongeza wati 75 ndani ya kasha lilelile. Prosesa ikiwa imepanda nyuzi nne au tano, hiyo ni kawaida. Ikiwa imepanda kumi na tano, kadi inaipulizia hewa moto, na feni ya nyuma ya kutoa ndiyo inayofuata kununuliwa.